KADI ZA HOKI: KARATASI NI NYINGI, MKONO NI MMOJA

Msomaji wetu wa siku nyingi, mzee anayeuza vitenge kwa jumla, alifika ofisini wiki iliyopita akiwa na barua ya mpwa wake anayeishi Edmonton, Kanada. Kijana anamwomba mjomba achangie dola 2,000 za Marekani ili wanunue kwa ubia kadi za wachezaji wa hoki ya barafuni, zenye saini za wachezaji wenyewe, waziweke miaka mitano, kisha waziuze na kugawana faida. Mzee hakucheka wala hakukasirika. Aliuliza swali la mfanyabiashara: kitu hicho kina soko, au kijana wangu amepatwa na ugonjwa wa kukusanya karatasi?

Soko lipo, tena kubwa. Lakini lina tabia zake, na wengi walioingia humo wakidhani wananunua dhahabu wametoka na maboksi ya karatasi ngumu ambazo hata muuza karanga hawezi kuzikunja.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kila upande, golikipa akiwamo, wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini yake. Kwetu ni mchezo wa kusikia tu, ingawa Nairobi kuna uwanja wa barafu katika hoteli ya Panari tangu 2005, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Kwa Wakanada, hoki ni kama kandanda kwetu. Ligi kubwa ni NHL, yenye timu 32 za Marekani na Kanada. Kadi ni kipande cha karatasi ngumu cha inchi 2.5 kwa 3.5, mbele picha ya mchezaji, nyuma takwimu zake. Zamani ziliuzwa pamoja na chingamu, na wanunuzi walikuwa watoto.

Kila anayeuza kadi huanza na hadithi ya Wayne Gretzky, kwa hiyo tuimalize mapema. Kadi yake ya kwanza ya NHL ilitoka msimu wa 1979-80. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya O-Pee-Chee, kampuni ya mji wa London, Ontario. Kadi ya aina hiyo iliyopewa daraja la 10 na wakaguzi, yaani isiyo na dosari, iliuzwa dola 465,000 mwaka 2016, dola milioni 1.29 Desemba 2020, na dola milioni 3.75 Mei 2021. Mtu akisikia hesabu hizo hukimbilia dukani kununua pakiti.

Asimame kidogo. Kadi hiyo haina hata saini. Thamani yake imetokana na ubora wa karatasi, na uhaba wake haukupangwa na mtu. Mwaka 1979 watoto wa Kanada walizifunga kadi kwa mipira, wakazibandika kwenye spoku za baiskeli, mama zao wakazitupa. Kiwandani zilikatwa kwa waya, kwa hiyo kingo nyingi zilitoka zimechanika, na pambizo zake ni za rangi ya buluu inayoonyesha kila mkwaruzo. Zilizopewa daraja la 10 zinajulikana kuwa mbili tu. Februari 2024 katoni ya msimu huohuo, yenye maboksi 16 ambayo hayajafunguliwa, iliyokutwa katika nyumba moja mkoani Saskatchewan, ilifika dola milioni 3.72 mnadani bila mtu yeyote kujua mna Gretzky wangapi ndani. Hayo ni mambo ya 1979. Yeyote anayekuuzia kadi ya leo kwa mfano wa Gretzky anakuuzia tiketi ya basi lililokwisha ondoka.

Kilichofuata ndicho kinachomhusu mwekezaji mdogo. Watu wazima walipogundua kuwa kadi za utotoni zina bei, walianza kununua mpya na kuziweka. Viwanda navyo havikulala. Msimu wa 1990-91 ziliingia sokoni kwa pamoja Upper Deck, Score na Pro Set, juu ya O-Pee-Chee na Topps za zamani, na mashine zikachapa usiku na mchana. Kila mnunuzi alizihifadhi vizuri, katika plastiki, mahali pakavu. Sasa wewe mfanyabiashara tazama: bidhaa iliyochapwa kwa wingi, iliyohifadhiwa na kila mtu, bei yake itapanda kwa nani?

Mfano wake unachekesha na kuumiza. Katika toleo la Score la 1990-91, kadi namba 440 ni ya Eric Lindros. Alikuwa kijana wa miaka 17, hajachaguliwa na timu yoyote ya NHL, lakini magazeti yalikuwa yamekwisha mtawaza kuwa mrithi wa Gretzky. Walanguzi walizikusanya kadi zake kwa mamia. Namba 439, jirani yake kabisa, ni ya golikipa aliyeitwa Martin Brodeur, ambaye timu ya New Jersey ilimchagua wa 20 mwaka 1990. Wengi walimpita wakimtafuta Lindros.

Lindros hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Alichaguliwa wa kwanza mwaka 1991, akakataa kuichezea Quebec, mwaka uliofuata akahamishiwa Philadelphia, na mwaka 1995 alipata tuzo ya Hart ya mchezaji bora wa ligi. Kisha kichwa kikagongwa, kikagongwa tena. Mei 2000 Scott Stevens wa New Jersey alimwangusha kwa kishindo ambacho Wakanada wanakizungumza mpaka leo, na baada ya hapo hakurudi kuwa yule. Alimaliza na mechi 760. Brodeur kwa upande wake alisimama golini zaidi ya miaka 20, akashinda mechi 691, ambayo ni rekodi ya ligi, na kutwaa Kombe la Stanley mara tatu.

Je, aliyeweka kadi za Brodeur badala ya Lindros alitajirika? Hapana. Zote mbili leo hununuliwa kwa dola chache, kwa sababu zilichapwa nyingi mno. Hapo ndipo wengi wasipoelewa. Unaweza kumpatia mchezaji na bado ukala hasara, kwa kuwa ulimpatia mtu lakini ukaikosea karatasi. Vivyo hivyo Dominik Hašek, Mcheki aliyechaguliwa wa 199 mwaka 1983, akakaa benchi Chicago, kisha Buffalo akawa golikipa pekee kupata tuzo ya Hart mara mbili, 1997 na 1998, na akaipa nchi yake dhahabu ya Olimpiki Nagano. Kadi zake za kwanza ni za 1991-92, miaka ileile ya mafuriko. Ukiwa nazo mia, una mia.

Basi ndipo saini inapoingia. Karatasi ni nyingi, mkono ni mmoja. Mchezaji ana siku 24 za saa, hapana, saa 24 za siku kama sisi (mhariri ameomba kosa hili libaki), na hawezi kutia saini kadi milioni. Viwanda vililiona hilo. Msimu wa 1994-95, ambao wenye timu walifunga milango kwa sababu ya mgogoro wa mishahara na ligi ikacheza mechi 48 tu, Upper Deck ilitoa kadi zilizoitwa Be A Player, na kila pakiti ilikuwa na kadi moja iliyotiwa saini. Jambo hilo lilibadili biashara. Kabla yake, aliyetaka saini alisimama nje ya uwanja kwenye baridi, au alimwandikia mchezaji kupitia timu yake, akitia ndani kadi na bahasha ya kurudishia yenye stempu, kisha akangoja miezi.

Njia hiyo ya bahasha bado inatumika, nasi tunaipenda kuliko zote, kwa sababu ni rahisi na inamfundisha mtu kazi. Wapo wakusanyaji ambao hawamwandikii nyota kamwe. Humwandikia kijana wa miaka 19 aliye timu ya daraja la pili, katika ligi ya AHL, ambaye hapokei barua kumi kwa mwezi. Kijana hufurahi, huandika jina lake lote kwa herufi zinazosomeka, pengine huongeza namba ya jezi yake. Miaka mitano baadaye, akiwa nyota, ataandika mkunjo mmoja unaofanana na uzi uliodondoka. Saini ile ya kwanza ina thamani mbili: ni ya mapema, na ni nzuri. Kasoro yake ni kwamba haina cheti, na mnunuzi wa leo anataka cheti.

Ana haki ya kukitaka. Mwaka 2000 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitangaza matokeo ya uchunguzi wake ulioitwa Operation Bullpen, uliolinasa genge la kusini mwa California lililokuwa likighushi saini za wanamichezo na watu mashuhuri na kuziuza nchi nzima, zikiwa na vyeti vya uhalisi vilivyochapwa vizuri. Kwa maelezo ya FBI, wajuzi wa biashara hiyo wenyewe walikiri kuwa zaidi ya nusu ya saini za mastaa wanaotafutwa sana zilikuwa bandia. Cheti, ndugu msomaji, nacho ni karatasi. Mimi mwenyewe nimewahi kununua picha yenye saini na cheti chenye mhuri wa dhahabu, na nilipompelekea mjuzi aliicheka kwa adabu. Imening'inia chooni.

Kwa hiyo kwa mwekezaji mdogo tunashauri saini iliyotiwa chini ya usimamizi wa kiwanda chenyewe, ambapo maandishi nyuma ya kadi yanasema hivyo. Hata hapo kuna madaraja. Iliyo bora ni ile ambayo mchezaji ameshika kadi na kuandika juu yake. Ya pili ni ya kibandiko: mchezaji hupelekewa kurasa za vibandiko vya plastiki, huvitia saini akiwa kwenye basi au hotelini, kisha kiwanda huvibandika kwenye kadi. Saini ni halali, lakini wanunuzi huiona kama chai iliyopoa. Ya tatu ni ahadi: ndani ya pakiti unakuta kadi inayosema saini itakuja ukituma namba fulani. Ina tarehe ya mwisho, na mchezaji anaweza kuchelewa au asitie saini kabisa. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kupokea hundi ya kesho anajua thamani ya ahadi ya namna hiyo.

Nadhani bei ya kadi yenye saini ni bei ya habari za mwili wa mtu. Hisa ya kampuni ina mitambo, ina akiba, mwisho wa mwaka hutoa gawio. Nyumba hutoa kodi, ng'ombe hutoa maziwa. Kadi haitoi chochote mpaka siku unapoiuza, na siku hiyo inategemea goti, bega na fuvu la kijana ambaye hajui kama upo. Ndiyo maana tunasema kumfuatilia mchezaji ndiyo biashara yenyewe. Asiyetaka kusoma dakika anazocheza, nani anacheza naye, mkataba wake unaisha lini na kama daktari amemruhusu, aweke fedha yake benki.

Tumtazame Alexandre Daigle. Ottawa ilimchagua wa kwanza mwaka 1993 na kumpa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 12.25, ulioshtua ligi kiasi kwamba makubaliano ya 1995 yaliweka kikomo cha mishahara ya wachezaji wapya. Kijana alitamba kuwa hakuna anayemkumbuka wa pili. Wa pili alikuwa Chris Pronger, wa nne Paul Kariya, na wote wawili sasa wamo katika Jumba la Watukufu la mchezo huo. Daigle alicheza mechi 616 na kupata mabao 129. Si haba kwa binadamu wa kawaida, lakini aliyekuwa amejaza sanduku kwa kadi zake hakuwa amenunua binadamu wa kawaida. Au Jim Carey, golikipa wa Washington, aliyepata tuzo ya Vezina ya golikipa bora mwaka 1996; alipoacha mchezo mwaka 1999 alikuwa na mechi 172 tu. Wakati wa kuuza saini ya Carey ulikuwa jioni ile anapokea tuzo, na jioni ile ndipo kila mtu alipokuwa akinunua.

Kuna upande wa pili. Connor McDavid aliingia Edmonton mwaka 2015, na katika mechi yake ya 13 alivunjika mfupa wa bega. Wenye haraka waliona mkosi. Aliyemfuatilia alijua kwamba mfupa huo huunga, si kama goti, na si kama ubongo. Alirudi Februari 2016, akamaliza msimu na pointi 48 katika mechi 45, na msimu uliofuata akaongoza ligi nzima kwa pointi 100. Sidney Crosby, ambaye kadi yake ya 2005-06 katika toleo la The Cup, yenye saini na kipande cha jezi, ilitolewa nakala 99 tu, aliumia kichwa Januari 2011 na kwa mwaka mzima hakuna aliyejua kama atacheza tena. Hapo hata sisi tungeogopa. Alirudi, akatwaa makombe mawili zaidi, 2016 na 2017. Alexander Ovechkin, wa msimu huohuo wa 2005-06, alingojewa miaka 20: tarehe 6 Aprili 2025 alifunga bao la 895 na kuivunja rekodi ya Gretzky. Aliyeishika kadi ya Ovechkin tangu mwanzo alipata muda wa kusomesha mtoto kuanzia chekechea hadi chuo kikuu. Hiyo ndiyo saa ya soko hili. Miaka mitano ya mpwa wetu ni mifupi.

Tusisahau kwamba mkono ulio hai huendelea kutia saini. Gordie Howe, aliyefariki 2016, alikuwa mkarimu wa saini na mwandiko wake ulisomeka vizuri, kwa hiyo ziko tele. Terry Sawchuk, golikipa aliyefariki 1970 akiwa na miaka 40, aliacha chache, na bei zake ni za kundi jingine. Umaarufu peke yake hautoshi kupanga bei.

Sasa gharama, ambazo barua ya kijana haikuzitaja hata moja. Tuseme unanunua kadi kwa dola 100 na kulipa dola 10 za kuisafirisha. Ukiiuza kwa mnada wa intaneti, mwenye mnada anakata kama asilimia 13, nawe unalipa dola 5 za kufungasha na bima. Ili urudishe mtaji wako tu, bei inapaswa kufika dola 132 hivi. Yaani kadi ipande karibu theluthi moja ndipo uwe hujapata kitu. Bado ada ya wakaguzi, bado tofauti ya dola ya Kanada na ya Marekani. Mwaka 2020 na 2021, watu walipofungiwa majumbani na ugonjwa wa korona, bei zilipaa na hakuna aliyehesabu ada. Machi 2021 kampuni ya ukaguzi ya PSA ilisimamisha kupokea sehemu kubwa ya kadi kwa sababu ilikuwa imezidiwa na mrundikano. Kadi nyingi zilirudi kwa wenyewe bei zikiwa zimekwisha kuporomoka.

Na asiseme mtu kwamba haya huwapata wasiojua. Mwaka 1991 Gretzky mwenyewe, akiwa na Bruce McNall, mwenye timu ya Los Angeles, alinunua kadi ya zamani ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner kwa dola 451,000. McNall baadaye alifungwa kwa udanganyifu wa mikopo ya benki. Kadi ilipewa daraja la 8 na kuuzwa tena na tena kwa bei za kutisha, mpaka mwaka 2013 dalali aliyewahi kuimiliki alipokiri mahakamani kwamba alizipunguza kingo zake ili ionekane safi.

Mzee wetu alisikiliza yote haya akiandika pembeni mwa barua. Tulimshauri asitoe fedha ya kununulia bidhaa za msimu wa sikukuu wala ada za shule. Asikubali maboksi wala pakiti. Anunue kadi mojamoja ambazo ameziona saini yake, zilizotiwa mkono juu ya kadi, za wachezaji wasiozidi wanne, na asiwaguse wale ambao msimu wao wa kwanza ndio unaendelea, kwa kuwa hapo unalipia kelele. Kijana anaishi Edmonton, anaweza kwenda uwanjani na kuwaona kwa macho, na hiyo ni faida ambayo mlanguzi wa New York hana. Mmoja kati ya wanne awe golikipa wa akiba, kwa sababu makipa huchelewa kukomaa na soko huchoka kuwangoja.

Mzee aliifuta dola 2,000 akaandika 600. Chini yake akaandika sharti lake kwa mpwa: kila mwisho wa mwezi alete mistari miwili kwa kila mchezaji, mechi alizocheza na hali ya afya, hata kama bei haijasogea. Akatuuliza stempu ya Kanada ni shilingi ngapi, tukamwambia atumie simu.